Sauti Iliyokimbia

Jina lake halisi lilijulikana benki na kwa mama yake. Watu wengine wote walimwita Bwana Kanda, kwa sababu mtu akienda dukani kwake kutoa fotokopi ya cheti cha kuzaliwa, aliondoka na cheti chake pamoja na mhadhara mzima kuhusu bendi ambayo nusu ya wapigaji wake walishazikwa. Duka lilikuwa chumba kimoja chenye mashine mbili na benchi la wateja lililolegea mguu. Nyuma ya pazia ndiko alikoiweka roho yake: kompyuta, deki ya kanda, na maboksi ya viatu yaliyojaa kaseti mpaka viatu vyenyewe vikakosa pa kukaa.

Kutwa nzima vitabu vya watu vilipita kwenye zile mashine, jalada hadi jalada, wanafunzi wakisubiri kwenye foleni, na hakuna mwandishi wala mchapishaji aliyewahi kumwandikia hata salamu. Nyimbo ndizo zilizomletea balaa.

Alikuwa na blogu ya muziki wa zamani. Hakuuza kitu. Alizichukua kaseti ambazo watu walizitupa walipohama nyumba, akazisafisha kwa pamba na spiriti, akazipiga kwenye deki huku kompyuta ikirekodi, kisha akaziweka mtandaoni na maelezo yake: nani alipiga gitaa la pili, nani alitoroka na tarumbeta ya bendi na hakuonekana tena. Watu waliokuwa mbali na kwao walimwandikia kumshukuru hadi akaona haya. Wengine walikuwa wenye blogu kama yeye, vichwa vigumu vitupu, watu wa kununiana mwaka mzima kwa sababu ya nani aligonga ngoma katika wimbo fulani.

Notisi zilianza kwa upole. "Mpendwa mtumiaji," ilisema ya kwanza, "maudhui yako yameondolewa kufuatia madai ya mwenye hakimiliki." Mpendwa! Mtu anakubomolea ukuta halafu anakuita mpendwa. Ya kwanza aliitukana, ya pili akainyamazia. Ya tatu ilikuja na onyo: asipopinga, au pingamizi lake lisipokubaliwa, blogu yote itafungwa, nyimbo zake zote na maelezo yake yote. Na wimbo uliodaiwa safari hii ulikuwa wa shangazi yake.

Shangazi huyu, dada wa baba yake, aliwahi kuwa mwanamke pekee katika bendi ya kiwanda cha nguo. Mchana alisimama kwenye mashine ya kufuma, jioni akasimama jukwaani. Wimbo wake, "Funga Mlango Taratibu", ulibaki kwenye kaseti moja tu, nayo ilikatika ndani ya deki ya Bwana Kanda mara tu alipomaliza kuirekodi. Siku alipomsikilizisha, shangazi aliinamisha kichwa, akakunja uso.

"Mwanangu, huyu ni mimi kweli? Mbona kama nakimbizwa?"

"Ujana huo, shangazi. Damu ilikuwa inachemka."

"Damu gani? Huo ni wimbo wa mtu anayeondoka hataki kumwamsha mwenzake. Sikuuimba mbiombio."

Bwana Kanda alicheka, akamwongezea chai. Muda si mrefu mpiga besi wa bendi ileile, mstaafu, aliandika chini ya wimbo kwenye blogu: "Ndugu, sauti imekimbia. Sisi hatukupiga hivi." Huyo hakumcheka. Alimjibu kwamba uzee unaanzia masikioni, na mzee wa watu alipojaribu kueleza, akayafuta maneno yake yote. Blogu ni yangu, alijiambia, na uchafu nafagia mwenyewe.

Sasa waliodai wimbo walikuwa kampuni iliyokinunua kiwanda kilipofilisika. Walinunua mashine, meza, mabati ya paa, na kumbe na nyimbo. Bwana Kanda akaufungua ukurasa wao. Wimbo ulikuwepo, na picha ya msichana mrembo ambaye hakuwa shangazi wala jirani yake, na chini yake maandishi: "Kutoka kanda ya asili iliyorekodiwa studio." Akavaa spika za masikioni, akasikiliza. Mwanzoni alifurahi kama mjinga, maana alidhani hatimaye atasikia kanda ya asili. Lakini ilikuwa sauti ileile nyembamba, yenye haraka ileile. Hata ule mkwaruzo mdogo kabla ya kiitikio, alioshindwa kuusafisha kwa mikono yake mwenyewe, ulikuwepo.

Akavua spika. Kanda ya studio inakimbiaje kama yangu?

Hapo ndipo alipoikumbuka mota. Fundi redio aliwahi kubadilisha mota ya deki akaweka iliyotoka kwenye mashine nyingine, akasema itapiga tu. Bwana Kanda alifukua kaseti ambayo hakuwahi kuipiga tangu siku hiyo: marehemu baba yake akitoa nasaha kwenye harusi ya binti yake. Baba alikuwa na sauti nzito kama lori la mchanga. Kilichotoka kwenye deki kilikuwa kijana anayegombania chenji: mota ilikuwa inaizungusha kanda mbio kupita kiasi. Bwana Kanda alikaa kwenye boksi la kaseti, likabonyea, na hakujali. Alikuwa amewakosea wote: shangazi, mpiga besi, na kila mtu aliyemwandikia asante.

Lakini aibu hiyo ndiyo iliyokuwa silaha yake pekee. Kama wimbo wa kampuni unakimbia sawasawa na deki yake mbovu, basi wameuchota kwake. Alichohitaji ni shahidi aliyesema mapema kwamba nakala ya blogu imekimbia, kabla kampuni haijatoa ya kwake. Akashuka chini ya ukurasa kutafuta maneno ya mpiga besi, akafika mwisho, akarudi juu, akashuka tena. Ndipo akakumbuka ufagio wake. Na mpiga besi mwenyewe alikuwa ameshafariki. Habari za msiba alizipata kwa wenzake wa blogu na hakwenda.

Aliandika pingamizi hivyohivyo. Aliandika kwa uchungu na kwa ukweli mtupu, kwamba nakala wanayoiuza ni ya kwake, kwamba kosa ni la mota yake na haliwezi kuwa kwenye kanda ya studio. Angeishia hapo, pengine wangehangaika. Lakini mtu wa kanda hawezi kutaja ubovu bila kueleza tiba. Akawaandikia ni kiasi gani wapunguze mwendo, akawaelekeza wauchuje vipi ule mkwaruzo, akaongeza na kusema kwamba shangazi aliuimba kwa utulivu, kama mtu anayebeba viatu mkononi asisikike. Alipolituma alijiona mwanaume.

Jibu lilikuwa fupi. "Tunakushukuru kwa maoni yako kuhusu ubora. Madai ya umiliki yanabaki kama yalivyo." Blogu ikafungwa. Alipoifungua asubuhi alikuta ukurasa mweupe, wala hakuna aliyemwita mpendwa. Akavuta pazia, akawasha mashine, akatoa fotokopi ya kitabu cha kemia cha mwanafunzi aliyekuwa akisubiri.

Alikaa kitambo bila kwenda kwa shangazi. Siku aliyokwenda, alimkuta kwenye kiti chake karibu na dirisha, magoti yamefunikwa khanga, simu ya mjukuu wake wa kike, aliyekaa pembeni, imeegemezwa kwenye kikombe. Wimbo ulikuwa unapigwa. Bwana Kanda alisimama mlangoni. Ilikuwa sauti ya mwanamke mzima, nzito kidogo, isiyo na haraka, na ule mkwaruzo haukuwepo. Alihesabu kila alichowaandikia, na chote kilikuwa kimefanyika.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, njoo, njoo usikie!" Macho ya shangazi yalikuwa yamelowa. "Wameutoa upya. Eti sauti halisi. Ndimi huyu! Miaka yote nimejiuliza kama niliota. Hawa watu wanajua kazi, mwanangu."

"Shangazi, unajua ni mimi nili..."

"Shh! Ngoja kiitikio kipite."

Kiitikio kikapita. Shangazi alikifuata kwa midomo, neno kwa neno, taratibu. Mpwa wake alikaa kwenye mkeka akiangalia miguu yake. Wimbo ulipokwisha, shangazi alijifuta macho kwa ncha ya khanga, kisha akakumbuka jambo.

"Na ile ya kwako, ya kukimbia? Bado ipo huko mtandaoni?"

"Haipo, shangazi. Imeondolewa."

"Afadhali," alisema shangazi, akamwomba mjukuu wake aurudie tena kutoka mwanzo.