Nyasi ya Bahari kwa Chupa ya Peremende

Kwetu Koboko mama yangu alikuwa anajulikana kwa sababu ya ulimi yake. Si ulimi ya maneno, hiyo Mungu alinipa mimi yote, hata ile ya jirani. Yake ilikuwa ulimi ya chumvi. Alikuwa anakata nyasi ya kinamasi huko Abuku, anachoma, majivu anaweka kwa chungu iko na matundu chini, anamwaga maji juu, inatona pole pole kama mzee anasimulia. Ile maji akichemsha, inabaki chumvi. Ukimletea chumvi yoyote, anagusa na kidole, anaweka kwa ulimi, anakuambia ni ya nani na nyasi ilikatwa wapi. Mimi nasema angeweza kukuambia hata ng'ombe gani alipita hapo jana, lakini hapo naongeza kidogo.

Kazi yangu ilikuwa kupeleka hiyo chumvi Arua kwa baisikeli. Baisikeli yenyewe haikuwa na breki, haikuwa na kengele. Mdomo yangu ndio ilikuwa kengele.

Ndugu yangu mdogo alikuwa askari, dereva ya lori ya jeshi. Ile miaka nyumba ya askari ilikuwa inajulikana kwa paa tu. Yeye alivunja nyumba ya nyasi ya mama, akajenga ya mabati. Mabati ilikuwa inang'aa mpaka ndege ya angani inageuza njia. Mama alishukuru, lakini jiko alikataa isiguswe. Jiko ikabaki na nyasi yake.

Mwaka ya sabini na nane walimtuma mpaka Mombasa kuchukua mizigo. Alirudi na likizo ya siku nne, ameshika chupa ya kioo, ile kubwa ya dukani ya kuweka peremende, na jerikeni moja ya maji ya bahari. Ndani ya chupa kulikuwa na kitu kijani, laini kama sukuma wiki imelowa.

"Mama, hii ni nyasi ya bahari. Watu ya huko wanaita mwani."

Mama aliangalia. Akaingiza kidole, akaonja ile maji. Akafunga macho.

"Chumvi yake inauma nyuma ya ulimi," alisema. "Ukichoma hii nyasi, majivu yake inatoa kiasi gani?"

"Mama! Nimebeba hii kitu kwa mapaja kutoka bahari, wewe unataka kuchoma?"

"Sasa nyasi ni ya nini?"

Tulicheka. Na hapo mimi, na ulimi yangu, nikaharibu. Siku ndugu yangu anaondoka nikasema, "Mama, usiogope. Hii nyasi ikiwa kijani, jua mutoto yako iko mzima. Watu ya bahari wanaamini hivyo." Watu ya bahari! Mimi bahari sikuwahi kuona hata kwa karatasi ya kalenda. Ndugu yangu alicheka, akapanda lori. Mama hakucheka. Alibeba chupa na mikono mbili, akaingia nayo ndani.

Kuanzia hapo ile uongo ikakuwa bosi yangu.

Kwanza chupa ilikaa nyumba ya mabati, kwa meza, kama mgeni mukubwa. Wiki haijaisha nyasi ikalegea. Mchana chini ya ile mabati hata mjusi alikuwa anasimama mguu moja moja, anabadilisha. Niligusa chupa, ikawa joto kama chai. Mama alikaa mbele yake, hakula.

Nikaihamisha kwa jiko, pembeni ya mtungi ya maji, mahali chini iko na unyevu na mwanga inaingia kidogo kwa mlango. Kila siku naongeza maji kidogo kutoka jerikeni. Siku ya tano ile kitu ikasimama tena, kijani kabisa. Mama akapika kuku. Nakuambia hiyo kuku iliokolewa na kuuawa na nyasi moja.

Halafu vita ikaanza huko kusini. Redio ilisema tunashinda. Kila siku tunashinda, na kila siku mahali tunashinda inakaribia kwetu. Barua hakuna. Mama asubuhi anaenda kwa jiko kwanza, kabla ya kusali anaangalia chupa.

Kiangazi ile, mama alienda Abuku kukata nyasi, siku tano. Aliniambia, "Wewe angalia ndugu yako." Hakusema angalia chupa.

Siku ya pili niliona ncha imekuwa na rangi hafifu. Nikaogopa. Na kwetu kitu ikiwa na rangi mbaya tunafanya nini? Tunapeleka kwa jua. Mtama ikishika unyevu, jua. Muhogo, jua. Mutoto mchanga akiwa na macho ya manjano, jua. Lakini nilikumbuka ile mabati, na mimi si mjinga yote, ni nusu. Nikafunga chupa na gunia, nikaacha upande moja wazi ipate mwanga, nikamwagia gunia maji baridi ya mtungi mara kwa mara. Maji ndani ikakaa baridi. Nilikuwa naweka mkono kila saa kuhakikisha. Nikajisifu mpaka kuku wakanichoka.

Jioni, upande ya gunia ilikuwa kijani. Upande ya wazi ilikuwa na rangi ya chungwa. Kesho yake nikafikiri jua haijatosha, nikatoa gunia yote, chupa nikaikalisha ndani ya karai ya maji baridi. Ile ingine nayo ikageuka. Siku ya nne nyasi yote ilikuwa nyeupe kama karatasi, na maji ikaanza kunuka.

Nilimkimbilia mwalimu ya shule, jirani yetu. Alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Mzee, jua iko na moto mbili. Moja unaisikia kwa ngozi. Ingine huoni, husikii, inapita ndani ya maji baridi na inachoma ile kijani yenyewe. Hiyo nyasi inaishi chini, maji mingi inaifunika. Wewe umeivua nguo."

"Sasa dawa?"

"Dawa ilikuwa kivuli."

Nilirudi nyumbani, nikamwaga ile maji inanuka nyuma ya jiko.

Kabla mama hajarudi nilishuka kwa kijito, nikakwangua ile uteleze ya kijani inaota kwa mawe, nikajaza chupa. Nilitia chumvi ya duka ifanane na bahari, uteleze ikafa usiku moja. Nikaenda tena, safari hii bila chumvi. Nikaweka pembeni ya mtungi.

Mama alifika, mzigo bado kichwani. Aliingia jiko. Nilimuona anaingiza kidole kwa chupa, anaweka kwa ulimi. Akatua mzigo chini, pole pole.

"Iko kijani," alisema.

"Si nilikuambia?"

"Uliniambia."

Basi nikajua nimeshinda. Kila wiki nilikuwa naenda kijito kwa siri kubadilisha, na mama kila asubuhi anaangalia, anasali.

Halafu watu ya Arua wakaanza kupita na magodoro kwa kichwa, wanasema jeshi ile ingine imevuka mto mukubwa huko kusini, kimbieni. Tukafunga mizigo. Mama aliacha chungu yake ya chumvi, ile ya miaka yote. Alibeba chupa. Kutoka Koboko mpaka Oraba alitembea nayo kwa kifua, na kila mutu alikuwa anauliza, mama huyu anabeba nini, dhahabu?

Kwa mto ya mpaka, ng'ambo ni Kaya, nchi ingine, watu walikuwa wanavuka na mbuzi, na wazee mgongoni. Mama akasimama kwa maji, mpaka magoti. Akafungua kifuniko, akamwaga chupa yote. Ile uteleze ikaenda na maji.

"Mama! Unafanya nini?"

"Huyu ni wa mto. Wacha arudi mto."

Nilikosa pa kuangalia. "Ulijua lini?"

"Mimi nachemsha chumvi kabla hujazaliwa, halafu wewe unanipa maji ya kijito?" Aliosha chupa, akaitikisa. "Nilionja siku ile ile. Kila usiku nimelia, nimemaliza. Lakini wewe ulikuwa unashuka kijito, unarudi na magoti ya matope, unanidanganya vizuri sana. Nikasema, huyu bado hajawa tayari kulia. Nimngoje."

Akanipa chupa nibebe. Ilikuwa nyepesi. Nikavuka nayo, na katikati ya mto, mbele ya watu mingi hivyo, nikaanza kulia. Mama akanishika mkono kama mimi ndiye mutoto yake wa mwisho.

Ndugu yangu hakurudi. Hakuna mutu alituletea hata kofia yake.