Raba Nne za Bwana Raba

Fundi yule wa mashine walimwita Bwana Raba kwa kumcheka, naye akalivaa jina hilo kama cheo. Mashine yoyote ikitetemeka, dawa yake ilikuwa ile ile: vipande vinne vya raba ngumu chini ya miguu, kaza nati, lete mashine nyingine. Kwenye karakana za chini, ambako zege limelala juu ya ardhi, dawa ilikubali. Basi akavimba kichwa, asijue kwamba nusu ya sifa zile ni za ardhi.

Mwoka mikate alipoipandisha ghorofani mashine yake ya kukandia unga, alimwita yeye. Chumba cha chini yake kilikuwa cha dada yake Bwana Raba, aliyemlea tangu mama yao afariki. Dada alitengeneza saa za mkono, na saa hizo ndizo zilizomsomesha.

Raba zikafungwa, mashine ikawashwa. Chini, skrubu ndogo kama chembe za mchanga zikaanza kurukaruka mezani. Dada akapanda ngazi huku akihema.

"Mdogo wangu, sakafu inacheza. Sishiki kitu kikatulia. Wateja wanachukua saa zao wanaondoka."

"Haiwezekani, dada. Nimeweka raba."

Nimeweka raba! Sakafu ile ilikuwa nyembamba, imetandazwa kutoka ukuta hadi ukuta bila nguzo katikati, na ilibonyea kuliko raba zenyewe. Raba ngumu juu ya sakafu laini ni sawa na jiwe juu ya godoro: kinachobonyea ni godoro. Palihitajika springi laini kuliko sakafu, au mashine isogezwe ukutani, juu ya boriti. Hata mwoka mikate alisema yuko tayari kusogeza. Lakini kusogeza kungekuwa kukiri, na mjinga yule heri afe kuliko kukiri.

Akajaza maji kwenye glasi, akaiweka sakafuni, akapima mtetemo mbele ya watu. Akaiweka wapi? Kwenye kona, ukutani kabisa, mahali ambapo sakafu haikuwa na njia ya kucheza. Maji yakatulia tuli.

"Umeona? Labda ni mikono yako, dada. Umri nao huo."

Dada akaitazama mikono yake. Mikono ile ndiyo iliyokuwa ikimfunga kamba za viatu. Alishuka ngazi, akakusanya vibano na kioo chake cha kukuzia, akafunga chumba. Sasa anakaa kwa binti yake, anamenya viazi, na hajashika saa tena.

Bwana Raba bado anaisimulia kazi ile kila anapotafuta nyingine. Huinua kidole, akauliza kwa majivuno: "Tangu nimalize pale, kuna mtu yeyote wa chini aliyelalamika?"