Vya Wenyewe Ndivyo Mzee Keraryo Anavyobaki Navyo

Saa moja asubuhi, Mukendo, mjini Musoma. Mzee Keraryo ameketi sakafuni, kitabu amekisogeza hadi kinakaribia kugusa pua. Anasoma jina lililoandikwa ndani ya jalada, anakiweka kulia. Kinachofuata hakifungui. Anakipapasa mgongo tu, anakisukuma kushoto.

Vya kushoto ni vyake mwenyewe. Vitauzwa kwa kilo, kurasa zikafungiwe karanga.

Kwa miaka thelathini na minne amejalidi vitabu vya makanisa na shule. Presha ya macho imeshaua jicho la kushoto, na la kulia linafifia. Hawezi tena kutunga uzi kwenye sindano. Mwisho wa mwezi anahamia Guta, Bunda, kwa binti yake Stellah, mwenye vyumba viwili na watoto watano.

"Baba, lete sanduku moja tu," Stellah alimwambia. "Chagua vile unavyopendaga."

Hakumsikiliza. Sanduku analijaza, juu ya nguo zake, vitabu kumi na tisa ambavyo wateja waliviacha, wasirudi.

"Vyangu nimeshavisoma," anasema. "Hivi vina wenyewe. Nikiviuza, mimi ni mwizi."

Mwezi uliopita alipeleka kimoja Bunda, kitabu cha nyimbo cha mwalimu Hezron. Mlango ulifunguliwa na mwanawe.

"Mzee alishafariki," kijana alisema. "Sasa hicho sisi tukifanyie nini?"

"Nilirudi nacho kwenye basi nimekipakata," anasimulia Keraryo. "Nililia, sikufichi."

Kinachomnyima usingizi zaidi ni Biblia ya Anastazia wa Butiama, aliyeileta miaka minane iliyopita. Ukurasa wa mbele una majina ya watoto wake sita na tarehe walizozaliwa. Kando ya majina manne pamechorwa msalaba.

"Aliniambia, 'Fundi, usiipoteze, marehemu wangu hawana hata picha.' Nikaiweka, leo, kesho, nikaugua. Nilipoimaliza, simu yake haipatikani. Kosa ni langu."

Stellah, aliyekuja kumsaidia kufungasha, anausoma ukurasa huo kwa sauti hadi jina la sita. Kisha anatoa nguo za baba yake sandukuni, anazifunga kwenye shuka, nafasi ipatikane.

Jumapili ijayo wote wawili watakwenda Butiama. Keraryo atamwomba mchungaji wa kanisa la huko asome majina yale sita baada ya ibada, waumini wakiwa bado wamekaa.

"Wakiniambia Anastazia naye ameondoka, nitauliza waliobaki," anasema. "Wako wawili. Mmoja wao atakuwa anaishi mahali."