Funguo za Bernadine

Msiniambie habari za warushaji wa akiba, nimezeeka nikiwatazama. Timu yetu, Wafua Chuma, inacheza besiboli safi mchana kutwa. Mrushaji wa kwanza anajitoa jasho mpaka mkono unalegea, tunaongoza, watu wanaimba. Halafu awamu ya nane kati ya tisa mlango wa kule pembeni unafunguliwa, linatoka jitu limeshiba, limepumzika, linakabidhiwa mpira. Kabla hujamaliza karanga zako uongozi umekwisha. Kazi yake ni kulinda kilichochumwa na wenzake, basi! Hata hilo linamshinda? Hasira hasara, ndiyo, lakini waliosema hivyo hawakuwa na timu.

Na hasira zangu mimi ni za kitoto ukiziweka kando ya za jirani yangu, Bernadine Pruszka. Bernadine alikuwa mpishi wa shule ya msingi hapa mjini mpaka alipostaafu. Ni mjane, mwembamba, na sauti yake ni ya kuita shule nzima kwenye chakula. Uwanjani tunakaa viti viwili vya pamoja, karibu na uzio.

Ile desturi ya funguo aliianzisha yeye. Mwaka fulani tuliongoza mechi ya mwisho mpaka awamu ya tisa, kisha mrushaji wa akiba akaanza kuyumba. Bernadine akasimama, akatoa funguo za gari, akazitikisa juu ya kichwa. "Washeni magari jamani, twendeni nyumbani! Huyu keshatumaliza!" Watu wakacheka, wakatoa na zao. Tangu siku ile, mrushaji wa akiba akiyumba tu, jukwaa zima linalia funguo. Bernadine mwenyewe hangoji mwisho. Akishatikisa zake anaondoka, anakwenda kukaa nyuma ya usukani wa gari la marehemu mumewe, redio kaizima. Gari lile hajampa mtu aliendeshe tangu amzike.

Sasa, timu ndogo kama yetu hailipi mshahara wa kupangia nyumba, kwa hiyo wachezaji hukaribishwa na watu wa mji. Bernadine hutoa chumba kila mwaka, na kila mwaka huwaambia, "Nileteeni mpigaji. Mrushaji wa akiba asikanyage kwangu." Mwaka huu wakamletea Colby Tackett, kijana wa Oklahoma, mrefu, mpole.

"Wewe unacheza wapi?" alimuuliza pale mlangoni.

"Mrushaji, mama."

"Wa kuanza?"

"Hapana, mama. Wa akiba."

Bernadine akanigeukia mimi niliyekuwa nakata nyasi zangu upande wa pili, akanitazama utadhani ni mimi niliyemzaa. "Haya ingia," alimwambia kijana. "Viatu vua."

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja kupewa. Alitengeneza ngazi ya mlango wa nyuma, akaosha vyombo bila kuambiwa, akamsikiliza mama wa watu akiwatukana warushaji wote wa akiba waliopata kuzaliwa. Kabla mwezi haujaisha alikuwa na ufunguo wake wa nyumba.

Mwezi wa nane mambo yakamwendea kombo. Alipoteza uongozi mechi mbili mfululizo. Jumamosi nilikwenda kwa Bernadine kula pierogi za viazi, vile viandazi vya Kipolandi vya kuchemsha, maana harufu yake haina adabu, inaruka ua. Nikamkuta kijana kaikodolea macho sahani.

"Mbona huli?" Bernadine aliuliza.

"Kocha kanambia kesho nikiharibu tena, nifungashe nirudi kwetu nikachunge ng'ombe."

"Shida nini? Mkono?"

"Mkono mzima, mama. Ni zile funguo. Zikianza tu, sisikii hata pumzi zangu, naona nimeshafukuzwa. Sijui ni mwendawazimu gani aliyebuni kitu kile."

Nikamgeukia Bernadine na uma mkononi. Bernadine akanikanyaga mguu chini ya meza, akanikanyaga kwelikweli. Kisha akamwongezea kijana krimu. "Kula," alisema.

Jumapili mchana, awamu ya tisa, tunaongoza kwa pointi moja. Mlango ukafunguliwa, akatoka Colby. Nikavuta miguu yangu ili Bernadine apite kama kawaida yake.

"Hupiti?" nilimuuliza.

"Kaa na miguu yako, Gus. Leo sitoki hata uwanja ukiwaka moto."

Colby akawatoa wapigaji wawili, chapuchapu. Bado mmoja tushinde. Nikaanza kutabasamu, mjinga mimi! Mpigaji aliyefuata akapewa kituo cha bure kwa mirusho mibovu, wa pili akapiga akafika, wa tatu naye akapewa cha bure. Vituo vyote vitatu vimejaa, pigo moja zuri tu watupite. Nyuma yetu Walt Hrabak, muuza matairi, akaanza kutikisa funguo. Wakafuata wengine, ikawa kelele tupu. Colby akavua kofia, akainama akatazama mchanga.

Bernadine akainuka. Akanimwagia mapajani ndoo yake ya bisi, na siagi yake yote, akatia ndani funguo zake mwenyewe. "Walt! Tia zako humu."

"Nini? Si ndiye wewe uliyetufundisha, bibi?"

"Na leo nasema basi. Tia!"

Nusu ya jukwaa lile walikula mkononi mwake. Mtu mzima na ndevu zake anaweka funguo kama anarudisha sahani! Akaenda mstari kwa mstari. "Denise, usinifiche, nimezisikia." Mlevi mmoja akamuuliza yeye ni nani. "Niliyekupa maziwa darasa la pili, na hukuyamaliza. Tia!" Akatia. Mimi nilitia bila kuulizwa.

Kukawa kimya. Kule uwanjani kijana akainua kichwa, akavuta pumzi, akavaa kofia.

Mpigaji aliupiga ule mpira juu sana, mbali sana. Nilifumba macho. Nilipofumbua, mdakaji wetu alikuwa amegandia ukuta, na mpira uko ndani ya glovu, haukugusa chini. Tumeshinda! Nikamkumbatia Bernadine na siagi zangu, akanisukuma.

Lakini nani aende nyumbani? Funguo za jukwaa zima ziko ndoo moja! Zikamwagwa nyuma ya pikapu ya Walt, watu wakazichambua wakigombana. Ndipo Colby akatoka na begi lake, nywele zimelowa.

"Kuna nini hapa?"

Walt mdomo wake hauna breki. "Muulize mwenye nyumba wako! Desturi kaianzisha yeye, na leo katunyang'anya yeye!"

Bernadine hakukimbia. "Ni mimi," alisema. "Jana nilishindwa kukuambia, niliona haya. Na hasira bado ninazo, usidhani zimekwisha. Ukiharibu wiki ijayo nitakusema jikoni, uso kwa uso. Lakini funguo, basi."

Kijana akamtazama, mpaka nikaogopa. Kisha akainamia lile rundo, akapekua, akaziokota funguo za lile gari la marehemu.

"Panda, mama. Leo naendesha mimi."

Bernadine akazunguka gari mpaka upande wa abiria, akaingia, akafunga mkanda.

"Polepole kwenye kona," alisema.