Mlango wa Bluu Usio na Jina

Jioni ile baba alikuwa na kanzu ya bwana harusi kwenye cherehani. Sisi watoto tulikaa mkekani tukifumua nyuzi za bandi, zile za kushikizia kitambaa kwa muda, naye akatuhadithia Hudaibiya kwa mara nyingine, kwa kuwa Idi ndiye aliyeomba. Mdogo wangu aliipenda hadithi hiyo kwa sababu ilimkasirisha.

Waislamu wametoka Madina kwenda Makka kufanya umra. Hawakuja kupigana, lakini wanazuiwa njiani. Makuraishi wanataka mkataba: mwaka huu mrudi kwenu, mje mwakani. Wa kwetu akikimbilia kwenu mtamrudisha. Wa kwenu akija kwetu, hatumrudishi. Na wakati Sayyidna Ali anaandika, wanakataa hata maneno “Mtume wa Mungu”. Liandikwe jina lake na la baba yake, basi. Ali hawezi kuyafuta. Mtume, rehema na amani zimshukie, anaomba aonyeshwe yalipo, anayafuta kwa mkono wake mwenyewe.

“Miye ningekataa, Papa!”

“Najua. Njo maana hawakukutuma weye.”

“Huyo anakataa hata sabuni,” mama alisema kutoka jikoni. Kisha akaongeza, kama kawaida yake: “Na usimusahau mwanamuke.”

Baba hakumsahau. Masahaba walikaa kwa huzuni, hawakutaka kuinuka kuchinja. Ummu Salama akamshauri Mtume: toka, usiseme na mtu yeyote, chinja mnyama wako, nyoa kichwa. Akatoka, akafanya. Walipomwona, wote wakainuka.

Nje, kwenye mlango wetu wa bluu, baba alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe: FUNDI SELEMANI. Mtu yeyote wa Kamembe, mji wetu wa Rwanda mpakani na Kongo, aliyetaka suruali ilale vizuri aliujua mlango ule.

Haukupita muda, mambo ya mwaka wa tisini na nne yakatufikia. Baba alitoka kupeleka kanzu.

Hakurudi.

Mama alituvusha daraja la Ruzizi kuingia Kongo, mdogo wetu wa mwisho, Mwajuma, akiwa mgongoni. Katika kambi ya upande wa Bukavu kipindupindu kilimchukua mama. Nilikuwa kifungua mimba, nimeishia darasa la sita. Kuanzia siku hiyo nilikuwa mama, na daftari sikushika tena.

Miaka miwili baadaye vita viliifuata kambi.

Risasi zilianza asubuhi, watu wakiwa kwenye foleni ya maji. Nilimshika Mwajuma mkono. Idi alibeba sufuria.

Tulikimbia.

Sufuria ilitobolewa na risasi. Idi hakuiachia.

Sote watatu tulipovuka daraja kurudi nyumbani, nilijua ninakwenda wapi. Mlango ulikuwepo, na jina la baba lilikuwepo. Mwanamke nisiyemjua alitoka na mwiko mkononi, watoto wawili wadogo nyuma ya kitenge chake.

“Muko batoto ba nani?”

“Ba Selemani. Mwenye nyumba.”

Aliutazama mlango, akatutazama sisi. “Miye sikufukuza muntu. Nilikuta nyumba wazi, mbuzi zinalala ndani.”

Tulimwita Maman Riziki, kwa jina la binti yake. Alikuwa Mnyarwanda aliyezaliwa na kukulia Uvira, huko Kongo, na alifukuzwa huko kama sisi tulivyofukuzwa kambini. Mume wake alikufa njiani. Responsable wa selire, kiongozi wa mtaa wetu, alituketisha sote mbele ya majirani. Nyumba ni ya yatima, alisema, ila huyu mama hana pengine pa kwenda, na mvua imeanza. Tupatane.

Mapatano yalikuwa haya: yeye abaki vyumba vya mbele mpaka apewe kiwanja. Sisi tukae chumba cha nyuma, karibu na jiko. Cherehani ya baba, ambayo mama huyo hakuiuza, nishonee mimi. Halafu Maman Riziki akaongeza sharti moja.

“Ile jina kwa mulango, itoke.”

Aliulizwa sababu. Alirudia sharti lilelile.

Idi, aliyezoea kuniita Yaya, yaani dada mkubwa, alisimama. “Yaya, twombe chumba katika nyumba ya Papa? Na jina lake tufute?” Alikuwa na miaka kumi na mitatu, sauti ikimvunjika. “Miye narudi ngambo. Kule banapana bunduki hata kwa batoto.”

Hakuwa anatania. Tulikuwa tumewaona kambini watoto wa rika lake wakipita na bunduki ndefu kuliko miguu yao. Nyumba ningeweza kuipoteza na nikaishi. Idi, hapana.

Sikubishana naye. Niliomba mafuta ya taa kwa jirani, nikachukua kipande cha gunia na mchanga, nikapiga magoti mlangoni. Sikusema na mtu yeyote. Nilianza na herufi ya mwisho, kwa sababu ya kwanza sikuiweza. Rangi ya baba ilikuwa nzuri, iligoma kutoka. Machozi na mafuta ya taa vilinichanganyikia machoni.

Nilipofika katikati, mkono mwingine ulishika gunia. Idi hakunitazama. Alisugua mpaka F ikaisha, kisha akaingia chumba cha nyuma, akalala na viatu.

Lakini hakuvuka daraja.

Tuliishi hivyo, nyumba moja na vyungu viwili. Ijumaa Maman Riziki aliwanyamazisha watoto wake wakati wa swala. Jumapili nilimshonea Riziki gauni la kanisani. Walikuwapo waliotucheka. “Nyie mumekuwa wapangaji kwa baba yenu!” Nilicheka nao, nikakanyaga cherehani.

Kisha Kongo ikawaka tena. Usiku tulisikia mizinga ng'ambo ya ziwa.

Mchana mmoja wanaume wenye silaha walipita mtaani kwetu. Walikuwa wa nani, sikujua, na haikuwa siku ya kuuliza. Walikuwa wanakusanya vijana wa kubeba mizigo kuvuka nayo. Wa jirani walikuwa wameshachukuliwa.

Idi alikuwa uani, anapasua kuni. Miaka kumi na mitano, mabega ya mtu mzima.

Walimwona.

Maman Riziki alitoka mbele yangu, akasimama kati yao na Idi.

“Huyu ni wangu. Anaitwa Olivier. Baba yake balimuua huko huko munakomupeleka. Mukitaka mwingine, munitangulize miye.”

Mkubwa wao alimgeukia Idi. “Jina lako?”

Mdogo wangu, ambaye zamani asingefuta hata herufi moja, alimtazama yule mama, akajibu.

“Olivier.”

Waliangalia mlango. Haukuwa na jina la mtu yeyote. Wakaenda.

Maman Riziki alikaa chini palepale, juu ya vipande vya kuni. Alipoweza kusema ndipo tukajua. Olivier alikuwa mtoto wake wa kwanza. Walipotezana njiani, katika msongamano wa watu, walipotoka Uvira. Kila msafiri aliyekwenda kule alimpa ujumbe: mama yako yuko Kamembe, nyumba ya mlango wa bluu karibu na msikiti.

“Nikasema, akifika akute FUNDI SELEMANI, atazani amepotea. Atapita.” Alijifuta uso kwa kitenge. “Sikuweza kusema mbele ya bantu. Ningesema, ningelia.”

Tangu siku hiyo tulimwita Maman Olivier, kama desturi inavyotaka kwa mama wa kifungua mimba.

Baadaye alipewa kiwanja Nyakabuye, akatuachia nyumba yote kama alivyoahidi. Alikuwa amefagia kila chumba. Huja msimu wa mavuno na ndizi, na bado humwita Idi kwa jina lile lingine, naye huitika. Baba sikumzika. Kaburi la mama silijui lilipo. Hayo hayarudi, na siwezi kusema yalilipwa na chochote. Lakini kila nikimsikia Idi akiwakemea watoto wake uani, nasema alhamdulillahi, kisha namwombea mwanamke wa Kikristo kwa jina la mwanawe.

Mwaka jana Idi alipaka mlango rangi upya. Ni bluu ileile. Alisimama mbele yake na kopo la rangi nyeupe na brashi ndogo, nikadhani sasa analirudisha jina la Papa. Halafu akafunika kopo.

“Tungoje kidogo, Yaya,” alisema. “Pengine Olivier mwenyewe bado iko njiani.”