Kidevu cha Yustina

Nakumbuka asubuhi moja hapa Malangali, mwanangu, tulikuwa uani tunapepeta ulezi, shangazi yangu akaja kutujulia hali. Binti yangu Yustina alikuwa na miaka mitatu. Kwetu Wafipa, mtoto akimwamkia mkubwa hupiga magoti, akainamisha kichwa na kupiga makofi taratibu. Yustina magoti alipiga, makofi akapiga, lakini kidevu akakiinua juu kama askari wa gwaride. Nikamzaba kofi, nikamsukuma kichwa chini. Haikuwa mara ya kwanza. Nilikuwa kijana mwenye mkono mwepesi, na "samaki mkunje angali mbichi" ndiyo methali pekee niliyoijua, au tuseme niliyoipenda.

Yustina alizaliwa na kope zilizolegea, ya kulia ikifunika mboni karibu yote. Majirani walisema mama yake alimcheka mtu mwenye kope kama hizo akiwa mjamzito. Mimi nilisema ni usingizi wa utotoni, utamtoka. Kati yetu sijui nani alikuwa mjinga zaidi.

Shangazi hakupaza sauti. Alimvuta mtoto, akamshikilia kidevu chini kama nilivyotaka mimi, akamuuliza, "Unaona nini, mjukuu wangu?"

"Naona miguu yako, bibi."

Shangazi akanigeukia. "Huyu hana kiburi, baba. Anatafuta kukuona, nawe unampiga kwa hilo."

Niliona aibu, na aibu ile haijanitoka hadi leo.

Wiki hiyo hiyo tukampeleka hospitali, tukaandikiwa rufaa ya Mbeya. Daktari alisema msuli wa kuinua kope ulizaliwa dhaifu. Si laana, wala si kosa la mama. Kope zikainuliwa kwa upasuaji, kisha kila siku tukawa tunaziba jicho la kushoto kwa saa kadhaa ili la kulia lijifunze kazi. Lilijifunza kidogo tu. Jicho lililofunikwa tangu utotoni, ubongo huzoea kulisahau, na kadiri mtoto anavyokua ndivyo inavyokuwa vigumu kulikumbusha. Sasa Yustina ni fundi cherehani kule Chanji, na sindano huitunga kwa jicho moja. Hajawahi kunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Basi mwanangu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtoto akizaliwa na kope isiyofunguka vizuri, mpeleke kwa daktari wa macho angali mchanga, usingoje aanze kusema. Si kila kope huhitaji kisu. Nyingine huangaliwa tu mara kwa mara, ila hilo aliamue daktari, si wewe wala jirani. Akiinua kidevu, mwache. Adabu itafundishika baadaye, jicho halingoji. Mungu akujalie watoto, na siku watakapokutazama, wakuone.