Bibi Harusi wa Mama Aliyebaki Makumbusho

Jamani, mama yangu aliingia makumbusho na dhahabu ya ukoo, akatoka na karatasi yenye mhuri. Na hakuna aliyetuibia.

Sisi ni watu wa Silivri, nje kidogo ya Istanbul. Dhahabu yenyewe ni sarafu ya kale; babu mzaa mama aliiokota ujanani, akilima shamba la alizeti. Ina picha ya mwanamke, na juu yake mkono unashuka kama unamvisha kitu.

Kwetu bibi harusi hubandikwa dhahabu kifuani kwa utepe mwekundu. Basi ukoo mzima tukaamini huyo naye ni bibi harusi, anatunzwa. Sonara akaitoboa, bibi akaolewa nayo. Kisha mama. Kisha mimi. Jumamosi ilikuwa zamu ya binti yangu, Gülçin.

Mama akang'ang'ania.

"Nina miaka themanini, Nazmiye. Nataka kujua jina la huyu bibi harusi kabla sijafa."

Nikampeleka makumbusho. Mtaalamu wao, Bi Perihan, akasikiliza ilivyookotwa shambani, kisha akaikagua kwa lenzi mpaka chai yake ikapoa.

"Bibi, huyu ni Malkia Eudoksia, mke wa mfalme wa Warumi. Aliishi papa hapa Istanbul, zaidi ya miaka elfu moja na mia sita iliyopita."

"Makubwa! Na huu mkono?"

"Wa Mungu. Unamvika taji."

Mama akanipiga kiwiko. "Si tulisema anavishwa kitu!"

Tukacheka wote. Kisha mama akakinga kiganja. "Haya mwanangu, nirudishie. Jumamosi tuna harusi."

Bi Perihan akainamisha uso.

"Nisamehe, bibi. Kitu cha kale kilichotoka ardhini ni mali ya serikali. Siwezi kukurudishia."

"Mimi nimekuja kuuliza jina. Sikuja kumwacha!"

Nikabembeleza. Nikalia. Nikaomba hata tuazimwe mpaka Jumapili. Yule dada naye machozi yakamlenga, lakini akatikisa kichwa, akamkabidhi mama karatasi yenye mhuri. Utagombana na nani hapo?

Gülçin akaolewa na utepe mtupu. Mama aliubandika mwenyewe, na mimi nikashindwa kutazama.

Mwaka uliofuata tukasikia sarafu imewekwa kwenye kabati la vioo. Tukaenda. Mama hajui kusoma.

"Wameandika nini?"

Waliandika hivi: Malkia Eudoksia. Dhahabu. Imeharibiwa kwa kutobolewa.

Imeharibiwa! Yaani harusi zetu zote zile, kwao ni uharibifu. Nikamgeukia mama.

"Wameandika kwamba ilivaliwa na bibi, ukaivaa wewe, nikaivaa na mimi."

Mama akasogea mpaka pua ikagusa kioo.

"Na Gülçin je? Wamemwandika?"

"Ndiyo, mama. Wamemwandika."

Ndugu zangu, kama mna kitu mnakipenda, kabla hamjaenda kuuliza ni nini, ulizeni kwanza kama mtarudi nacho.